Zumari la Unguja na nguo za heshima

Msemo wa zamani unatuambia kwamba zumari likipigwa Unguja, watu hucheza mpaka maziwa makuu. Tuliusoma shuleni, tukautumia kupamba insha, na baadhi yetu tunaufundisha hadi leo kana kwamba ni hati ya historia. Juzi nilikuwa Mwabungo, kati ya Ukunda na Gazi, kwenye barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga. Wanafunzi wawili wakaniletea mabishano yao. Walikuwa wameulizwa iwapo Wadigo walikuwa raia wa Sultani wa Zanzibar. Mmoja kaandika ndiyo, ushahidi wake ukiwa msemo huohuo wa zumari. Wa pili kaandika la, ushahidi wake ukiwa Mbaruk wa Gazi. Kabla sijafungua kinywa, mzee aliyeketi nasi barazani akawauliza swali moja tu: hebu kwanza semeni, nani alikuwa akimpa mwenziwe nguo?

Swali hilo halikunitoka akilini. Katika makala haya nitajaribu kulijibu kwa kuyafuata maneno machache ya Kiswahili ambayo tunayatumia kila siku bila kuyauliza yalikotoka: heshima, bendera, liwali, mkataba. Ninadai kwamba maneno haya yanahifadhi habari ambayo msemo wa zumari unaificha. Kwa muda mrefu dola zenye nguvu katika pwani yetu ziliishi na majirani zao kwa kuwalipa, kuwabembeleza na kuwapatanisha. Mambo yalibadilika pale makubaliano yalipohamia kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikaandikwa mbali na wenyewe.

Tuanze na mahali. Ukisimama Mwabungo, umezungukwa na historia ya aina nne. Jirani yako ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Kusini yako ni Gazi, mji wa Wamazrui. Ukiendelea kusini utafika Wasini na Vanga, nchi ya Wavumba, ambao mtawala wao aliitwa diwani. Na bara yako ni milima ya Shimba, ambako ndiko iliko Mwele. Mashariki ni bahari, na ng'ambo ya bahari hiyo ndiko Pemba na Unguja, palipokuwa na nguvu. Basi mtu wa hapa hakuwa na jirani mmoja wala bwana mmoja.

Hapo kwenye neno diwani pana funzo dogo. Leo tukimtaja diwani tunamkumbuka mwakilishi wa wadi anayeombwa barabara na basari. Kule Vumba diwani alikuwa mtawala. Hata hivyo, huyo naye hakuwa na jeshi la kuwashinda majirani wote. Utawala wake ulitegemea mapatano na Wasegeju na Wadigo waliomzunguka. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini amani ya mji ilikuwa mikononi mwa watu wa nje ya mji.

Mombasa ilikuwa hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walikuwa na mizinga na merikebu zilizofika hadi Goa. Lakini kisiwa hakilimi chakula cha kutosha, na watu wa bara wangeweza kukifunga kivuko wakati wowote. Kwa hiyo Wareno, pamoja na ubabe wao wote, walilazimika kutoa nguo kila mara kwa watu wa bara waliowaita Wamozungulo, ili njia ziwe wazi na kisiwa kisishambuliwe. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa, aliyekuwa amekosana na kapteni wa Wareno, alikimbilia bara kwa watu hao. Aliuawa hukohuko kwa uchochezi wa Wareno. Tukio hilo ni la kusikitisha, lakini linaonyesha jambo moja waziwazi: hata kumwangamiza adui yao, Wareno walihitaji mkono wa majirani.

Wareno walipong'olewa na Waomani mwaka 1698 desturi haikufa. Wamazrui, waliokuja kuitawala Mombasa, waliiendeleza. Wazee wa bara wakifika mjini walikaribishwa, wakalishwa, wakapewa nguo. Zawadi hiyo iliitwa heshima. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu na lina maana ya staha na haya. Mtu akikuheshimu anajizuia mbele yako. Kwa hiyo nguo zile hazikuwa sadaka, wala hazikuwa kodi. Zilikuwa ishara kwamba mwenye ngome anajua mipaka yake, na kwamba anayepokea ana uwezo wa kumdhuru akitaka. Mkubwa ndiye aliyemheshimu mdogo. Sijui kama tunalifikiria hilo tunapowaambia watoto wetu leo kwamba heshima humwendea mkubwa tu.

Uhusiano huo ulikuwa na mpangilio. Waswahili wa Mombasa walikuwa na makundi mawili makubwa, Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Kila kundi lilikuwa na washirika wake bara. Thelatha Taifa, yaani watu wa Kilindini, Changamwe na Tangana, walishirikiana na Wadigo na Waduruma. Tisa Taifa walikuwa na washirika wao miongoni mwa Wamijikenda wengine wa kaskazini. Mdigo akiwa na kesi mjini alijua mlango wa kubisha. Mfanyabiashara wa mji akitaka pembe, nafaka au sandarusi kutoka bara, naye alijua ni nani wa kumtanguliza. Hapakuwa na ubalozi wenye bendera na bustani, ila kazi ya ubalozi ilikuwa ikifanyika.

Tusije tukayapamba mambo, msomaji. Mfumo huo haukuwa wa malaika. Pwani hiyohiyo ilikuwa na watumwa waliolima mashamba ya matajiri, na wakati wa njaa kali familia za bara ziliwaweka watoto rehani mjini ili zipate chakula. Mara nyingi rehani hiyo haikukombolewa. Wazee waliopokea nguo hawakuzigawa kwa kila mtu. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na upande mmoja uliotoa amri na mwingine ukacheza tu.

Sasa tuje kwa Unguja yenyewe. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa madaraka huko Oman katika miaka ya 1740, Wamazrui wa Mombasa walikataa kuutambua. Ukaidi huo ulidumu karibu karne nzima. Seyyid Said alipoanza kuwabana, Wamazrui walitafuta mkubwa mwingine wa kumtegemea. Mapema mwaka 1824, Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipofika Mombasa, aliikuta bendera ya Kiingereza tayari inapepea juu ya ngome. Wenyewe walikuwa wameishona! Neno bendera tulilipata kwa Wareno, na Wamazrui walikuwa wameelewa kazi yake: unapandisha kitambaa cha mwenye nguvu ili mwenye nguvu mwingine asikuguse. Owen aliwakubalia ulinzi, wao wakaahidi kugawana mapato ya forodha na kukomesha biashara ya watumwa. Alimwacha kijana aitwaye Reitz awe mkuu wa mahali. Kijana huyo akafa kwa homa mwaka uohuo, baada ya safari ya Pangani, na jina lake likabaki kwenye ghuba ya Port Reitz hadi leo. Serikali ya Uingereza haikuupenda mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikashushwa.

Ulinzi wa kitambaa ulikuwa umeisha. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa, si kwa mizinga peke yake bali kwa kutumia mgawanyiko wa wenyeji. Wakuu wa Kimazrui walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas, akiwemo liwali wa mwisho, Rashid bin Salim. Waliosalimika wakagawanyika: wengine wakaenda Takaungu kaskazini, wengine Gazi. Ndivyo Gazi ilivyoingia katika habari zetu. Wamazrui walifika kwa Wadigo wakiwa wameshindwa, si kama washindi. Walihitaji kuishi na wenyeji vizuri, la sivyo wasingeishi kabisa.

Na sasa Unguja ikaweka liwali Mombasa. Neno hilo ni la Kiarabu, al-wali, nasi tumelimeza pamoja na kitangulizi chake bila kutafuna. Liwali alikuwa na askari wachache na forodha. Mamlaka yake yalionekana bandarini, ambako bidhaa zilitozwa ushuru. Ukiingia bara kidogo, ukapita minazi, ukafika kaya, mamlaka hayo yalipungua. Sultani alipata ushuru wa pembe zilizofika pwani, hakukusanya kodi ya kichwa katika kaya. Zumari lilisikika, ndiyo. Waliotaka kufanya biashara walicheza. Wasiotaka walirudi shambani.

Mfano mzuri zaidi ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwana wa yule liwali aliyepelekwa uhamishoni. Kwa miaka mingi aliasi, akapatanishwa, akaasi tena. Sultani alimtumia askari, kisha akamtumia posho. Mwaka 1882 jeshi la Sultani likiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews lilimwandama mpaka ngome yake ya Mwele. Mwele ikaanguka, Mbaruk akaponyoka, na baadaye akarudi Gazi kwa mapatano. Ukitazama kwa jicho la leo utasema dola hiyo ilikuwa dhaifu. Mimi nasema ilikuwa ikifanya hesabu. Kumlipa jirani msumbufu kulikuwa rahisi kuliko kumpiga kila mwaka, na jirani naye alijua bei yake.

Kilichoivunja hesabu hiyo ni neno la nne, mkataba. Mzizi wake ni uleule wa kitabu, katibu na maktaba: kuandika. Mkataba ni kitu kilichoandikwa. Basi swali la kwanza kuhusu mkataba wowote ni nani aliyeshika kalamu. Katika miaka ya 1885 na 1886 tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilizunguka pwani kuchunguza mamlaka ya Sultani yaliishia wapi. Kisha Uingereza na Ujerumani zikaandikiana mwishoni mwa mwaka 1886: Sultani abaki na visiwa pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na bara wagawane wao. Mstari wa kugawana ulitoka mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea ziwa Jipe na kuuzunguka Kilimanjaro. Sultani Barghash aliletewa jambo likiwa limekwisha, akalikubali kwa kukosa njia.

Tafakari kilichotokea hapo, msomaji. Mstari huo uliwapasua Wadigo, Wavumba na Wasegeju vipande viwili, upande huu Vanga na upande ule Tanga. Nao ukanda wa maili 10 uliwaweka watu wa Mwabungo, Kinondo na Diani chini ya Sultani kikamilifu, kwa mara ya kwanza, na kwa karatasi ambayo hata Sultani mwenyewe hakuiandika. Yaani kile ambacho Unguja haikuweza kukipata kwa askari wala kwa posho, ilipewa na wageni, kisha wageni haohao wakaja kukichukua. Mwaka 1887 Barghash alikabidhi usimamizi wa ukanda huo kwa kampuni ya Waingereza, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikapata hati ya kifalme.

Mwaka 1895 ndio uliomaliza mambo. Liwali wa Takaungu alifariki, na Waingereza wakamtambua mrithi waliyemtaka wao. Aliyepinga akakimbilia Gazi. Mbaruk akatakiwa aache kuwasaidia jamaa zake waliomkimbilia, akakataa. Tarehe 17 Agosti 1895 kikosi cha Admiral Rawson kiliivamia Mwele na kuichukua. Mathews alikuwemo tena, na safari hii alijeruhiwa. Mbaruk aliendelea kupigana kwa miezi kadhaa, kisha Aprili 1896 akavuka ule mpaka wa Umba na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Mpaka uliochorwa bila yeye ndio uliomwokoa, na ndio uliomzuia kurudi nyumbani.

Wakati vita hivyo vikiendelea, mkataba mwingine ulitiwa saini Desemba 1895 kati ya Uingereza na Sultani. Ukanda wa pwani ungetawaliwa na Waingereza, lakini ungebaki mali ya Sultani. Naye angelipwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka, mbali na riba ya pauni 6,000. Hapo ndipo swali la yule mzee wa Mwabungo linapouma. Zamani nguo zilikwenda kwa wazee wa bara. Sasa pauni zilipita juu ya vichwa vyao zikavuka bahari. Fedha ililipwa kwa ajili ya ardhi, ila waliokaa juu ya ardhi hiyo hawakuhesabiwa kuwa upande wowote wa mapatano. Heshima iliwatambua kama majirani. Mkataba uliwageuza kuwa vitu vilivyomo ndani ya ukanda.

Matokeo yake hayakukawia. Mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi ilitaka kila anayedai shamba pwani alete dai lake lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Mwenye karatasi alipata karatasi nyingine. Aliyetegemea kaya, kaburi la babu na mwembe alioupanda mwenyewe hakuwa na cha kuonyesha mbele ya karani. Kisha Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana barua: Sultani aachie ukanda, na Kenya iahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za kadhi, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Miezi michache baadaye, Januari 1964, Sultani mwenyewe akapinduliwa. Ahadi kuhusu hati zilizosajiliwa ilibaki. Asiyesajiliwa alibaki nje ya ahadi.

Ndiyo maana mabishano ya wanafunzi wale si ya mtihani tu. Miaka michache iliyopita, kilio cha Pwani si Kenya kiliposikika Kwale na Mombasa, hoja zake zilijengwa juu ya mikataba ya 1895 na 1963. Mimi sikubaliani na hoja hiyo, na sababu yangu imo katika historia hii. Mikataba hiyo haikuwa ya watu wa pwani. Ilikuwa ya Sultani na Waingereza, kisha ya serikali mbili. Kuitumia kudai haki ya Mdigo ni kumwomba tena Sultani atusemee. Dai la ardhi la mtu wa Mwabungo lina nguvu yake lenyewe, kwa kuwa alikuwa hapo kabla ya karatasi zote hizo. Vilevile anayesema dai hilo halipo kwa vile barua za 1963 zilikwisha yamaliza, naye anakosea.

Neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kivumba cha Wasini na Vanga, pamoja na Chifundi cha majirani zake, vikabaki lahaja za nyumbani. Hapa ndipo zumari la Unguja liliposhinda kwelikweli, tena likipulizwa na afisa wa kikoloni. Nami naandika kwa sanifu hiyohiyo, na naipenda. Lakini kumbukumbu za mapatano ya majirani, nani alimlisha nani, nani alimpa nani nguo, zimehifadhiwa na wazee katika Kidigo, Kivumba na Chifundi. Mwalimu anayemkataza mtoto kuandika anachoambiwa na babu yake kwa lugha ya babu anafunga hazina ambayo haimo katika maktaba yoyote ya London.

Niliwaambia nini wale wanafunzi? Niliwaambia kwamba wote wawili wamekosea kidogo. Wadigo hawakuwa raia wa Sultani, wala hawakuwa maadui zake wa daima. Walikuwa majirani, na jirani ni cheo kinachohitaji kazi pande zote mbili. Nikawashauri warudi kwa yule mzee na daftari, wamsikilize hadi mwisho, waandike maneno yake kama alivyoyasema. Alikuwa angali barazani. Aliwasogezea mkeka, na yule wa zumari ndiye aliyeketi kwanza.